Kipaji kitafute kwenye kasi ya kujifunza, si kwenye kazi ya siku ya kwanza

Habari zenu wakuu.

"Nitajuaje kipaji changu?" Swali hili nimeulizwa na vijana, na wazee wenye wajukuu pia wameniuliza. Majibu wanayopewa ni yale yale: angalia unachokipenda, sikiliza moyo wako, kaa mahali patulivu ujichunguze. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu wazima kuchora, nimeifanya miaka mingi, na majibu hayo siyakubali. Nimewaona wanaopenda kuchora kwa dhati na bado hawasogei. Nimewaona pia waliokuja kumsindikiza rafiki tu, wakashika penseli kwa kuchoka kukaa bure, na baada ya miezi michache wakawa mbali kabisa.

Siku ya kwanza darasani hainiambii kitu. Mmoja anachora mkono unaoeleweka kwa sababu alichora sana utotoni, mwingine vidole vyake vyote vina urefu mmoja. Wenzao wanatazama karatasi mbili hizo na hukumu inatoka papo hapo: huyu anacho, yule hana. Mimi nasubiri wiki ya tatu au ya nne. Nimemwambia mtu, "kidole gumba umekiweka juu mno, nyoosha penseli upime kuanzia kifundo cha mkono." Je, kosa lile linarudi? Wapo ambao utalirekebisha kila kipindi, wanakusikiliza kwa heshima, na wiki ijayo lipo pale pale. Na yupo mmoja ambaye umemwambia mara moja tu kuhusu mkono, kesho anakuja amepima mguu, amepima uso, amepima kiti alichokalia bibi yake. Hukumwambia. Ameichukua kanuni akaipeleka mwenyewe kwingine. Huyo hata kama karatasi yake bado ni mbaya kuliko ya jirani, namjua tayari.

Basi hoja yangu ni hii: kipaji hakipo kwenye kiwango ulichonacho leo, kipo kwenye kasi unayopanda ukirekebishwa. Tukikubaliana hapo, mambo mengi yanayotuchanganya yanaeleweka.

Kwanza, kwa nini kinajificha. Kiwango kinadanganya sana, hasa utotoni. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada walichunguza tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki ya barafuni, wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ni wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Hakuna nyota ya kuzaliwa inayompa mtu hoki. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo wa Januari alikuwa na karibu mwaka mzima zaidi ya wa Desemba: mrefu zaidi, mzito zaidi, mwenye nguvu zaidi. Kocha aliona "kipaji", akampa nafasi ya kucheza, mechi nyingi, walimu wazuri. Yule wa Desemba akarudishwa nyumbani. Jambo hilo hilo limeonekana baadaye kwenye soka la vijana katika nchi nyingi. Nikilifikiria hili huwa naumia, kwa sababu ni watu wazima wangapi wanatembea leo na hukumu waliyopewa wakiwa na miaka minane, kumbe kosa lao lilikuwa kuchelewa kuzaliwa miezi tisa?

Pili, kile unachokiweza kirahisi hukihesabu. Mtu mwenye jicho la vipimo anaingia chumbani na kuona picha ukutani imepinda. Inamkera mpaka ainyooshe, na anadhani kila mtu anaiona. Mwingine watu wakigombana anajua hasa ni neno gani lililomuuma nani, na nani aongeleshwe kwanza. Mwingine ukimpa maelezo marefu yaliyovurugika anakurudishia kwa sentensi mbili. Waulize wote hao kipaji chao ni nini, watasema hawana, hawaimbi wala hawachezi mpira. Ukitaka dalili za mwanzo, jiulize ni jambo gani linakushangaza kwamba wenzako hawaliwezi. Jiulize pia watu wanakufuata wewe kwa lipi wakati wapo wengine wa kuwafuata.

Tatu, na hili halisemwi vya kutosha, pengine hujawahi kukutana na kifaa chako. Joel Embiid wa Kamerun alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Kabla ya hapo ilikuwa soka na voliboli. Msimu wa 2022/23 alitajwa kuwa mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Julius Yego alikulia Kenya, nchi ambayo jina lake limejengwa na mbio, na yeye akashika mkuki. Hakuwa na kocha wa mchezo huo, akajifunza kwa kutazama warushaji wa Ulaya kwenye YouTube. Mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, na mwaka uliofuata akapata fedha ya Olimpiki Rio. Sasa mfikirie mtu mwenye mkono kama ule ambaye hakuwahi kuuona mkuki. Angekaa kimya chini ya mti ajichunguze mpaka lini? Moyo hauwezi kukutajia kitu ambacho macho hayajakiona.

Kwa hiyo kujichunguza peke yake hakutoshi. Inabidi ujaribu, na ujaribu kwa namna itakayokupa jibu.

Namna ninayowashauri wanafunzi wangu ni hii. Chagua vitu viwili, si kimoja, vyenye asili tofauti: kimoja cha mikono na kingine cha maneno, au kimoja cha peke yako na kingine cha kukaa na watu. Vipe muda sawa kwa miezi miwili mitatu. Kila kimoja kiwe na mtu wa kukurekebisha anayekijua kweli, kwa sababu bila marekebisho hutajua kasi yako, utajua tu kama umefurahi. Kazi ya siku ya kwanza itunze na uandike tarehe. Kama ni sauti, irekodi. Kama ni kuongea mbele ya watu, rekodi pia, hata kama huipendi sauti yako.

Kisha usitazame kazi imekuwa nzuri kiasi gani. Tazama makosa. Makosa yanabadilika? Mtu anayepanda huwa na makosa mapya kila wakati, kwa sababu ya zamani ameshayaacha na amefika mahali pagumu zaidi. Mtu aliyekwama ana makosa yale yale, ila anayafanya haraka zaidi. Tazama pia kama umeanza kuliona kosa kabla hujaambiwa. Hiyo kwangu ni dalili kubwa kuliko zote: mkono bado hauwezi lakini jicho limeshajua. Wengi wakifika hapo huacha, wanasema "naona kabisa kwamba sijui," wakidhani ni ushahidi wa kukosa kipaji. Ni kinyume chake. Asiye na jicho haoni kilichokosekana.

Jambo la mwisho la kutazama ni kinachobaki ukipumzika. Acha wiki mbili, rudi. Kuna ujuzi utaukuta umeyeyuka wote na kuna utakaoukuta umekaa, wakati mwingine umetulia vizuri kuliko ulivyouacha.

Kuhusu kukiendeleza, nitasema kwa mtu mmoja. Vincent van Gogh aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kufanya kazi kwa wauza picha, kufundisha shule na kuhubiri kwa wachimba makaa ya mawe. Tazameni michoro yake ya mwanzo: watu wamekakamaa, vipimo havikai. Darasa langu lingemhukumu siku ya kwanza. Alichofanya ni kuchukua kozi ya michoro ya Charles Bargue na kuinakili karatasi kwa karatasi, kisha akairudia. Umbali na kina vilipomshinda, mwaka 1882 alitengenezewa fremu yenye nyuzi zilizopishana, akawa anaisimamisha mbele ya mandhari na kuchungulia, ili aone mstari gani unakatiza wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye udhaifu wake, kwa zana. Alifariki 1890, miaka kumi tu tangu aanze, akiwa ameacha picha za rangi ya mafuta zaidi ya 800. Kasi ile ndiyo kipaji, na ile fremu ya nyuzi ndiyo kazi yenyewe. Mtu akiniuliza kuhusu kukuza kipaji, huwa namuuliza: fremu yako iko wapi? Ni jambo gani hasa linakushinda, na umetafuta nini cha kukusaidia kulishinda?

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali na kwa kupinga pia.

#2
Mkuu, uzi mzuri, ila mbona tumekuwa tukiambiwa kwamba ni saa 10,000 tu? Ukizifikisha kwa jambo lolote, unakuwa bingwa. Kwa hiyo hakuna kipaji, kuna jasho.

#3 Mleta uzi
Mkuu, ile namba ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake, waliochunguza wanafunzi wa fidla Berlin. Waliokuwa bora zaidi walikuwa wamefikisha wastani wa saa kama 10,000 za mazoezi ya peke yao walipofika miaka 20. Ni wastani wa kundi; wapo waliokuwa chini yake. Na hazikuwa saa za kupigapiga tu, yalikuwa mazoezi yaliyolenga kosa fulani. Jambo jingine lililoonekana pale ni kwamba wale bora walikuwa wanalala zaidi kuliko wenzao, maana mazoezi ya namna hiyo yanachosha kichwa.

Mwaka 2014 watafiti wengine, Macnamara na wenzake, walikusanya tafiti nyingi pamoja kuona mazoezi yanaeleza kiasi gani cha tofauti kati ya watu. Katika michezo ya ubao kama sataranji ilikuwa asilimia 26, muziki 21, michezo ya viungo 18, masomo 4. Kwa hiyo jasho lina uzito, wala usilidharau. Lakini watu wawili wakitoa jasho sawa hawafiki sawa, na tofauti hiyo ndiyo ninayowaomba mwitafute ndani yenu. Ukiwa na saa chache za kutoa, zitoe pale zinapozaa.

#4
Mimi napingana na wewe kwenye suala la mwalimu. Kipaji cha kweli hakifundishwi. Umemtaja Yego mwenyewe, alijifunza kwenye video.

#5 Mleta uzi
Nakuelewa ndugu, lakini fuatilia safari yake yote. Video zilikuwa mwalimu wake wa kwanza: alikuwa na mtu wa kumlinganisha naye, anatazama, anajaribu, anarudi kutazama. Hayo tayari ni marekebisho. Baadaye alikwenda Finland, nchi yenye historia ndefu ya mkuki, akafunzwa na kocha.

Niongeze mfano wa kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Siti binti Saad alizaliwa Unguja karibu mwaka 1880, akatembeza vyungu, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilisikika mbali sana. Sauti ilikuwapo. Alipohamia mjini mwaka 1911 akakutana na wanamuziki, akafundishwa kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu, lugha iliyotawala taarabu wakati ule. Akaihamishia taarabu kwenye Kiswahili, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Miaka yote ile ya kunadi vyungu watu waliisikia sauti hiyo hiyo, na hakuna aliyemwita mwimbaji. Alihitaji watu wa kumfundisha, na wao walipomfundisha, akapanda kwa kasi iliyowashangaza watu.

#6
Habari kaka. Nina binti wa miaka tisa, hesabu anazipenda na anaziweza. Nyumbani tunamwita "profesa". Siku hizi nimeona akikuta swali gumu analiruka, na mara moja alilia. Tunakosea wapi?

#7 Mleta uzi
Dada, si kosa la upendo. Kuna utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998 unaofanana sana na hali ya nyumbani kwako. Watoto walipewa maswali, wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wana akili, baadhi wakaambiwa wamejituma. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wale wa "una akili" wengi walichagua maswali rahisi ambayo yangewahakikishia sifa. Walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walivunjika moyo zaidi, na hata waliporudishiwa maswali mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo.

Mtoto akiitwa profesa, kila swali gumu linakuwa hatari ya kupoteza jina. Mtafutie swali ambalo na wewe hulijui, mkae mlihangaikie pamoja, na umsifu kwa njia aliyoijaribu: "hapa ulianza kwa kuchora, ilikusaidia kuona nini?" Kasi yake haitapungua kwa sababu umeacha kumwita jina. Itapata mahali pa kukimbilia.

#8
Mimi nina miaka 52. Nimesoma yote haya kwa uchungu kidogo. Kwa umri huu si ndiyo basi tena?

#9 Mleta uzi
Shikamoo. Nitakujibu bila kukubembeleza, maana naona umeuliza kwa dhati.

Kuna milango inayofungwa. Ule uwezo wa kusikia sauti moja na kuitaja noti yake bila kulinganisha na nyingine ni nadra sana kupatikana kwa mtu aliyeanza ukubwani. Sarakasi za mashindano, hapana. Mwili una ratiba yake.

Lakini Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa mwaka 1860 huko Marekani, maisha yake yote alikuwa mke wa shamba. Alidarizi picha kwa nyuzi mpaka ugonjwa wa viungo ukamzuia kushika sindano, ndipo akaigeukia brashi, akiwa na miaka zaidi ya sabini. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake New York yalifanyika mwaka 1940, naye ana miaka 80. Aliendelea kuchora hadi karibu na kifo chake mwaka 1961, akiwa na miaka 101.

Ninachokuomba ukione hapo ni udarizi. Miaka yote ile jicho lake lilikuwa kazini, likipanga rangi na kugawa nafasi. Brashi ilikuwa kifaa kipya tu. Wewe una miaka 52 ya mambo uliyoyafanya bila kuyaita kipaji. Mwanafunzi wangu mmoja aliyepanda haraka kuliko wote alikuwa fundi cherehani mstaafu. Alikuwa amepima mabega ya watu maisha yake yote, nikamfundisha kuchora mabega, hakuna nilichomwongezea kwenye vipimo. Anza kwa kuorodhesha mikono yako na macho yako vimekuwa vikifanya nini, kisha tafuta kifaa kingine kinachotumia hicho hicho.

#10
Mwalimu, mimi nimejipima tayari kwa namna yako, ndiyo maana nimekuja. Napenda kuimba kuliko kitu chochote. Nipo kwenye kwaya, mwalimu wetu ni mzuri, ila nasogea kwa kujikokota. Kwaya hiyo hiyo walinipa kupanga ratiba, sauti na nani asimame wapi, na sasa kila mtu ananiuliza mimi. Hilo sikujifunza popote, na halinisisimui. Nifuate lipi?

#11 Mleta uzi
Asante kwa kuuliza hili, ni gumu kuliko yote.

Usiache kuimba. Mtu hahitaji kibali cha kipaji ili aimbe, na kusogea polepole bado ni kusogea. Ila usijenge riziki juu yake kwa sasa.

Kuhusu upangaji, unasema haukusisimui. Nakuuliza: umewahi kupewa mpango mgumu kweli? Ratiba ya kwaya moja kwa mtu mwenye kasi yako ni kazi nyepesi, na kazi nyepesi haimsisimui yeyote. Nimeona wanafunzi wanaochoshwa na kuchora matunda mezani wakawaka walipopewa sura ya mtu mzee. Nenda ukaombe kazi kubwa: tamasha la kwaya kadhaa, watu ambao hawajuani, muda mfupi, ukumbi mmoja. Mtafute pia mtu aliyewahi kusimamia mambo kama hayo, mkae naye baada ya kila hatua akuonyeshe ulipokosea. Hapo ndipo utajua kama ni ubaridi wa kazi yenyewe au ni udogo wake.

Na usiyatenganishe haraka hivyo. Anayeamua sauti ipi isimame wapi anafanya muziki. Umewahi kumuuliza mwalimu wako wa kwaya kama anaweza kukufundisha kuongoza? Muulize wiki hii, kisha rudi utuambie alikujibu nini.